Fundi wa Mashine Isiyoshikika

Windows inayoendeshwa ndani ya Mac haijawahi kugusa diski hata siku moja. Inachokiita diski C ni faili tu, au rundo la mafaili, lililokaa kwenye folda ya mwenye kompyuta. Kadi yake ya mtandao ni mahesabu. Saa yake ni jibu inalopewa inapouliza. Baina yake na chuma cha Mac imesimama programu ya kati, iwe Parallels Desktop, VMware Fusion au UTM, ambayo kazi yake ni kuihakikishia Windows kila wakati kwamba kila kitu kipo: RAM ipo, skrini ipo, kibodi ipo, endelea. Ahadi hizo zikitimizwa, mhasibu anafungua Tally kwenye MacBook yake, msanifu majengo anachora kwa Revit, mtaalamu wa ramani anaingia ArcGIS Pro, na hakuna kati yao anayelazimika kufikiria kilichoko chini. Programu hizo hazitengenezwi kwa ajili ya Mac, ndiyo maana mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa kama hiyo, zikapata makazi humo.

Ninaousifu hapa ni ufundi wa siku ile ahadi zinapovunjika. Hauna umaarufu mtaani. Fundi simu huonekana akifungua skrubu, na mteja husimama pembeni akishuhudia kioo kikibadilishwa. Fundi wa mashine pepe anasoma, anauliza maswali mawili matatu, anabadili alama moja kwenye menyu, anawasha upya. Asiyejua atasema hapakufanyika kitu. Kumbe kazi yote imefanyika kabla ya ile alama kuguswa. Kila hitilafu ya mashine pepe ni pengo kati ya kile Windows ilichoambiwa na kile kilichopo kweli, na fundi hodari hulitafuta pengo lenyewe kabla ya kubomoa chochote.

Chukua suala la saa, ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam anasimika Windows 11 ndani ya UTM, na kila akiiwasha anaikuta imebaki nyuma kwa saa tatu nzima. Anairekebisha, inakaa sawa. Kesho akiiwasha, imerudi nyuma tena. Wengi wakifika hapo huilaumu Windows, huifuta, huisimika upya, na ugonjwa hurudi vilevile. Fundi akisikia kwamba tofauti ni saa tatu kamili, si mbili na nusu, si tatu na dakika kadhaa, ameshashika nusu ya jibu. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC. Kwa desturi yake Windows huisoma saa ya ndani ya kompyuta ikiamini ni saa ya mahali ilipo, wakati mifumo ya ukoo wa Unix huihesabu kuwa ni UTC. Programu ya kati imetoa saa ya UTC, Windows imeipokea kama saa ya Nairobi. Kila mmoja amefuata mila yake. Katika mipangilio ya UTM kuna kisanduku cha kuiagiza itumie saa ya mahali. Kikitiwa alama, maradhi yamekwisha.

Na si jambo dogo. Saa ikipotoka, tovuti salama zinaanza kukataliwa kwa sababu vyeti vyake vinasomwa kwa tarehe na saa, na seva za ofisi zinazotumia Kerberos kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Mfanyakazi anazuiwa kuingia kazini, anadhani nywila yake imebadilishwa. Tena mtu wa London mwenye kasoro hiyohiyo haioni kabisa wakati wa baridi, kwa kuwa miezi hiyo saa ya Uingereza ni sawa na UTC. Itamzukia majira ya joto, na hapo itakuwa saa moja tu. Kasoro ile ile huvaa sura tofauti kulingana na mahali uliposimama, na fundi asiyejua aliposimama atababaishwa nayo miaka.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha makala ambayo mpaka leo ni msingi wa nadharia ya kazi hii. Walidai mambo matatu kwa programu inayosimamia mashine pepe: kilichomo ndani kiende kama ambavyo kingekwenda kwenye mashine halisi, sehemu kubwa ya amri zipite moja kwa moja hadi kwenye prosesa, ili kasi isipotee, na msimamizi abaki na mamlaka kamili juu ya mali ya kompyuta. Mac ilikuwa bado miaka kumi izaliwe. Mashine za wakati ule zilikuwa za kujaza chumba, na IBM ilikuwa imetoa VM/370 miaka miwili kabla. Lakini wasikilize wateja wa leo. “Haifanyi kama kompyuta ya kawaida.” “Nzito mno.” “Imemaliza nafasi yote ya Mac yangu.” Ni masharti yaleyale matatu, yanadaiwa na mtu ambaye hajawahi kuyasoma, na anayo haki ya kuyadai.

Lalamiko la nafasi ndilo linaloharibu kazi za watu kwa wingi. Windows inaambiwa ina diski ya GB 64, kiwango cha chini ambacho Windows 11 hukidai, lakini faili upande wa Mac huanza dogo na hunenepa kadiri data inavyoandikwa. Mwenye Mac anaona nafasi tele, anaongeza picha na video, hadi siku ambayo Windows inataka kuandika mahali ilipoahidiwa na pale hapana kitu. Mashine inasimama ghafla, pengine katikati ya kufunga hesabu za mwezi. Hapo mwenye mali huingiwa na haraka, na haraka ndiyo humwangusha. Anaifungua folda, anakuta mafaili yenye majina yanayofanana, mengine ya zamani, anayafuta ya zamani.

Mafaili hayo ni snapshoti. Ukihifadhi snapshoti, diski ya awali hugandishwa, na kila badiliko linaanza kuandikwa kwenye faili jipya linalolitegemea lile la kwanza. Ukihifadhi nyingine, faili la tatu linalitegemea la pili. Kongwe kuliko yote ndilo lenye mwili wa Windows nzima. Lililo jipya lina tofauti tu. Aliyefuta la zamani amekata mguu wa meza. Fundi anayejua hafuti snapshoti kwa Finder. Huingia kwenye orodha ya snapshoti ya programu yenyewe na kuiagiza iziunganishe, baada ya kuhakikisha kuna nafasi ya kutosha kwa kuunganisha kwenyewe, maana kazi hiyo nayo hula nafasi kabla ya kuirudisha. Na mteja akimwambia “nimefuta GB nyingi lakini nafasi haijaongezeka”, hashangai. Time Machine huweka snapshoti zake za ndani za saa zilizopita, na faili lililofutwa laweza kuendelea kushikiliwa humo kwa muda.

Mtandao unafundisha jinsi ya kuuliza.

“Fundi, intaneti ya Windows imekufa.”

“Pole sana, dada. Na ya Mac je?”

“Ya Mac iko sawa, nimetoka kuangalia barua pepe.”

“Haya, fungua lile dirisha jeusi la Windows, andika ipconfig, unisomee anwani inavyoanza.”

“Mia sitini na tisa, nukta, mia mbili hamsini na nne.”

Inatosha. Anwani ya 169.254 ni ile ambayo Windows hujipa yenyewe baada ya kuomba anwani na kukosa wa kuijibu. Kwa hiyo kadi ya mtandao inaonekana, draiva yake inafanya kazi, na ombi limetoka. Aliyenyamaza yuko upande wa pili. Hakuna sababu ya kugusa chochote ndani ya Windows. Kama dada angesoma namba zinazoanza na 10.211.55 na programu yake ni Parallels, maana yake anwani ilipatikana kutoka kwenye mtandao wake wa kawaida wa kushirikiana, na uchunguzi ungeelekea kwenye DNS au ukuta wa usalama. Mara nyingi anayenyamaza ni Wi-Fi ya hoteli au ya ofisi: mashine pepe imewekwa kwenye hali ya daraja, inajitokeza kama kompyuta ya pili yenye anwani yake ya vifaa, na mtandao ule hauruhusu mgeni wa pili kwenye mlango mmoja. Irudishwe kwenye NAT, ipite kwa jina la Mac, kazi imekwisha. Angalia jinsi mazungumzo yale yalivyokuwa mafupi, na jinsi kila swali lilivyogawa ulimwengu nusu kwa nusu. Huo, kwangu, ndio uzuri wa ufundi huu.

Upo pia ujuzi wa kusoma kumbukumbu. Mashine pepe huonekana kama faili moja kwenye Mac, lakini ukichagua kuonyesha yaliyomo utakuta ni folda, na ndani yake, kwa VMware, liko faili la vmware.log. Mstari wa mwisho wa kumbukumbu hizo hupiga kelele kuliko yote na husema machache. Ni tangazo la kifo. Fundi huanzia hapo, akapanda juu polepole mpaka aufikie mstari wa kwanza usio wa kawaida, ambao mara nyingi umeandikwa kwa upole na unazungumzia jambo linaloonekana halihusiki. Kupanda huko kunataka utulivu ambao haufundishwi kwa siku moja, na ninawavulia kofia walionao.

Kabla ya yote hayo, nakala. Mashine izimwe kabisa, isisimamishwe tu, kisha ifanyiwe nakala. Mfumo wa mafaili wa APFS, uliokuja kwenye Mac mwaka 2017 pamoja na High Sierra, unarahisisha mno: ukirudufu faili kubwa kwenye diski ileile, nakala hupatikana papo hapo na mwanzoni haili nafasi, kwa sababu zote mbili zinashiriki data mpaka moja ibadilike. Fundi anapata uwanja wa kujaribia bila kuigusa asili. Hiyo si akiba ya kuokoa diski ikifa, kwa ajili hiyo inatakiwa diski ya nje. Na programu ya Fusion ikiuliza kama mashine imehamishwa au imenakiliwa, ajibu kwa kufikiri: akisema imenakiliwa, itapewa utambulisho mpya, na programu zenye leseni huenda zikadai kuamilishwa tena.

Kuhusu RAM nitasema machache. Mwenye Mac ya GB 8 akiipa Windows 6, Mac yenyewe inabanwa, inaanza kutumia diski badala ya RAM, na Windows inakwenda polepole zaidi kuliko ilipokuwa na 4. Activity Monitor inaonyesha shinikizo hilo kwa rangi. Punguza.

Yapo mapengo yasiyozibika, na kuyatambua ni sehemu ya ufundi. Connectix ilipotoa Virtual PC mwaka 1997, Mac zilikuwa na prosesa za PowerPC, na kila amri ya Windows ilibidi itafsiriwe; ilikwenda, lakini kwa kujikokota. Mac za Intel zilipofika mwaka 2006 ukuta huo ukabomoka, Parallels ikaja mwaka uleule na Fusion mwaka uliofuata. Kisha Novemba 2020 Apple ikaleta M1, prosesa ya ukoo wa ARM, na mashine pepe za zamani zikagoma kufunguka kwenye Mac mpya. Hazikuharibika. Ziliandikiwa prosesa ambayo haipo tena ndani ya kasha. Windows inayokaa humo sasa ni Windows 11 ya ARM, na yenyewe hutafsiri programu za kawaida za Intel vizuri kiasi kwamba watu husahau. Isichotafsiri ni draiva zinazoingia kwenye kiini cha mfumo. Hizo lazima ziwe zimeandikwa kwa ARM64.

Ndiyo maana unakuta mhasibu ambaye programu yake inafunguka, inaonyesha dirisha la kwanza, kisha inasema haioni ufunguo wa leseni uliochomekwa kwenye USB. Ameambiwa na watu asimike upya, abadilishe tundu, anunue waya. Fundi anafungua Device Manager, anaona alama ya njano, anatafuta kama mtengenezaji wa ule ufunguo ana draiva ya ARM64. Hana. Kuanzia hapo kuendelea kuhangaika ni kumlia mteja fedha na muda. Anamweleza ukweli wote: aidha aombe leseni isiyotumia ufunguo, au anunue kompyuta ndogo iliyotumika yenye Windows Pro ikae ofisini na ufunguo wake, naye aiingie kutoka kwenye Mac kwa Remote Desktop. Akikubali la pili, fundi anaiunganisha, anahakikisha hesabu zinafunguka, anahamisha mafaili yaliyobaki, anaifuta ile mashine pepe ili nafasi irudi, na anatoza gharama ya uchunguzi kwa ukamilifu, kwa sababu uchunguzi ndio kazi aliyoifanya.