Konsertina ya Bei Rahisi: Inafaa Vijana Wetu?

Wengi wetu tunaijua akordeo ya Camille Feruzi. Konsertina ni ndugu yake mdogo, ile Uhlig alianza kuitengeneza kule Chemnitz, Ujerumani, mwaka 1834. Tulijaribu moja ya bei rahisi, ya butoni 20. Kila butoni iko na sauti mbili: ukisukuma moja, ukivuta ingine. Kijana anayeanza anaishika upesi. Lakini mivukuto iko migumu, na katika safu zake mbili, ya do na ya sol, diezi iko moja tu, fa diezi. Wimbo wa wazee unaoomba ingine utapinda. Kwa hiyo tunashauri: mwaka wa kwanza ikae ya mazoezi, kisha atafutiwe ya butoni 30. Nyimbo zetu tusizikate juu ya bei.