Siagi Haitaki Mkono wa Moto

Kwetu pwani siagi iliyoachwa mezani hulainika kabla chai haijapoa. Ni vigumu kumwaminisha mtu wa Tanga au Lamu kwamba kuna mafundi walioichagua siagi hiyohiyo wafinyange nayo maua, ndege, wafalme na majumba ya ghorofa. Mafundi hao ni watawa wa Kibuddha wa Tibet, na kazi yao huifanya kwa ajili ya sikukuu ya Monlam, sala kuu ya mwanzo wa mwaka.

Sikukuu hiyo iliasisiwa mjini Lhasa mwaka 1409 na mwanazuoni Tsongkhapa. Huja mara tu baada ya Losar, mwaka mpya wa Kitibeti, na huadhimisha miujiza ambayo Wabuddha wanaamini Buddha aliifanya Shravasti, India, mbele ya walimu waliompinga. Kilele chake ni usiku wa siku ya 15 ya mwezi wa kwanza, mwezi ukiwa mpevu. Usiku huo ndipo sanamu za siagi hutolewa mbele ya watu, zimezungukwa na taa. Kabla ya 1959, mjini Lhasa zilipangwa kuizunguka njia ya Barkhor, inayozingira hekalu la Jokhang. Siku hizi zinazosifika zaidi ni za monasteri ya Kumbum, karibu na mji wa Xining katika mkoa wa Qinghai, China. Hapo ndipo alipozaliwa Tsongkhapa mwaka 1357.

Siagi haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Katika nyanda za juu za Tibet, siagi ya maziwa ya yaki, yule mnyama wa jamii ya ng'ombe mwenye manyoya marefu, ni chakula, hutiwa kwenye chai pamoja na chumvi, hutumika kuwashia taa za altare, na hupakwa ngozi isipasuke kwa upepo. Anayeitoa sadaka ametoa kilicho bora jikoni mwake. Tena sikukuu huangukia majira ya baridi, wakati ardhi haina ua hata moja la kumtolea Buddha. Basi maua hufinyangwa.

Kazi huanza miezi kadhaa kabla. Kwanza hutengenezwa kiunzi cha vijiti na kamba za katani. Juu yake huja tabaka la msingi, nalo lina siri inayonivutia kuliko zote: hutokana na siagi ya sanamu za mwaka uliopita, iliyochanganywa na majivu ya mabua na kutwangwa mpaka ikawa udongo mweusi, mgumu, unaonyumbulika bila kukatika. Kwa udongo huo fundi hujenga mwili wa sanamu: mabega, mkunjo wa goti, mwinamo wa shingo. Akikosea hapa, hakuna rangi itakayomsitiri.

Ndipo huja siagi mpya. Huoshwa na kukandwa ndani ya maji baridi mpaka uchafu wote utoke na ibaki nyeupe, laini, isiyo na punje. Huchanganywa na rangi za madini, kisha huvishwa sanamu tabaka jembamba baada ya tabaka. Petali moja hubanwa kati ya kidole gumba na cha shahada, hupachikwa, na inayofuata huanza. Mwishoni kingo za mavazi hutiwa unga wa dhahabu na fedha, na sanamu hufungwa kwa waya kwenye mbao kubwa, kila moja mahali pake katika kisa: maisha ya Buddha, au safari ya binti mfalme Wencheng kutoka China kwenda Tibet.

Ugumu wa kazi yote uko katika joto. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, na kiganja cha mtu mwenye afya hakiko mbali na hapo. Kwa hiyo chumba cha kazi hakiwashwi moto, ingawa nje maji yameganda, na kando ya kila fundi kuna chombo cha maji ya barafu. Hutumbukiza mikono mpaka ipoe, hufinyanga kidogo, na ikianza kupata joto huirudisha. Akibadilisha rangi, hunawa kwa maji ya moto na unga ili atoe mafuta, kisha barafuni tena. Wengi huzeeka wakiwa na viungo vya vidole vilivyovimba na kupinda. Wanalijua hilo tangu wanapoingia kazini wakiwa vijana wadogo, na bado wanaingia.

Kumbum ina karakana mbili, ya juu na ya chini, na kila moja huificha kazi yake kwa nyingine mpaka usiku wa kilele. Mashindano hayo yamekilinda kiwango cha kazi, kwa sababu hakuna anayetaka jirani amshinde kwa kope za jicho. Watazamaji hupita mbele ya sanamu, muziki wa watawa ukipigwa. Kwa desturi, kabla hakujapambazuka zote zilikuwa zimekwisha kushushwa.

Leo Kumbum ina jumba la maonyesho lenye vioo na mitambo ya kupoza, hivyo mgeni wa mwezi wa Julai naye anaweza kuona. Nashukuru kwa hilo. Lakini jokofu hutunza sanamu tu. Ufundi wenyewe hukaa katika vidole, na vidole hufundishwa kwa kufanya upya: kuvunja kazi iliyosifiwa, kuitwanga na majivu, na kuanza tena chini ya macho ya mwalimu. Ndiyo maana nawastahi mafundi hawa kuliko wachonga mawe. Jiwe humruhusu fundi kupumzika katika sifa za jana. Siagi humdai athibitishe ustadi wake kila majira ya baridi, naye hulilipa deni hilo mbele ya Buddha kama ibada.