Habari za Tangi

Kitengela ni mji wa matangi. Karibu kila ploti ina lake, jeusi, limekaa juu ya paa au mnara wa vyuma, kwa sababu maji ya mfereji huja kwa zamu na ya kisima huletwa na malori. Swali la kila siku ni moja: yamebaki kiasi gani? Jibu la kawaida ni kijana kupanda ngazi akachungulie, au mwenye nyumba kugonga ubavu wa tangi asikilize mlio unabadilikia wapi. Siku hizi wako mafundi wanaoiachia kazi hiyo bodi ndogo ya mikrokontrola, ipime maji na kutuma habari hadi kwenye simu ya mwenyewe aliye kazini Nairobi.

Kuifanya bodi itume nambari ikiwa mezani ni kazi ya jioni moja. Vifaa vinauzwa Luthuli Avenue, Nairobi, na programu za mfano zimejaa kwenye intaneti. Ufundi wenyewe huanza pale bodi inapoachwa peke yake juani na kutarajiwa iseme kweli msimu mzima.

Anza na kipimo. Sensa hufungwa chini ya kifuniko cha tangi. Hutoa mlio wa kilohezi 40, ambao sikio la binadamu haliusikii, kisha hungoja mwangwi urudi kutoka kwenye uso wa maji. Muda wa safari hiyo ukizidishwa kwa kasi ya sauti na kugawanywa kwa mbili, umbali umepatikana. Ila kasi ya sauti haitulii. Kwenye nyuzijoto 20, sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Kwenye nyuzijoto 35 hufika 352. Na hewa ya chini ya kifuniko cheusi saa saba mchana si ya mchezo. Tangi likikaribia kuisha, maji yakiwa mita 2 chini ya sensa, fundi aliyepuuza joto hukosea sentimita 5. Katika tangi lenye kipenyo cha mita 1.8, hizo ni zaidi ya lita 120, yaani mitungi sita ya lita 20 ambayo haipo. Kwa hiyo fundi makini huongeza kipimajoto. Tena haamini kipimo kimoja: hupima mara saba, akapanga majibu kutoka dogo hadi kubwa, akachukua la katikati. Mwangwi uliopotoshwa na tone la maji au ukingo wa tangi hubaki pembeni, hauharibu hesabu.

Kisha kuna umeme. Palipo na Wi-Fi, bodi ya ESP32 inatosha. Huko mbele kuelekea Kajiado, kwenye visima na mabirika ya mifugo, hutegemewa laini ya simu. Moduli ya 2G kama SIM800L inapotuma, huvuta hadi ampea 2 kwa kitambo kifupi mno. Waya zikiwa nyembamba, volti huporomoka na bodi hujizima katikati ya sentensi, ikawaka, ikajaribu tena, ikazimika tena. Mnunuzi ataulaumu mtandao. Fundi atafupisha waya na kuweka kapasita kubwa karibu kabisa na moduli, iwe akiba ya kutumika wakati huo. Kisha atang'oa kile kitaa kinachowaka kwenye bodi mchana na usiku bila kumfaa mtu, na kuiamuru ilale kati ya kipimo na kipimo ili betri ipone.

Habari yenyewe mara nyingi husafiri kwa MQTT, utaratibu uliobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila baiti ilikuwa ya thamani. Kwa mtu anayenunua bando kidogokidogo, ubahili huo ni neema. Utaratibu huu pia huiruhusu bodi kuacha wasia kwa seva: nikikatika ghafla bila kuaga, watangazie kwamba sipo. Hivyo kimya hakichukuliwi kuwa usalama.

Mtandao ukipotea, bodi iliyotengenezwa ovyo hutupa ilichopima. Iliyotengenezwa vizuri huandika kila kipimo pamoja na saa kilipochukuliwa, si saa kitakapotumwa, na kukipa nambari. Mawasiliano yakirudi, hutuma akiba kwa mpangilio, na seva ikipokea ujumbe uleule mara mbili hutambua nambari na kuacha mmoja.

Eneo hili lina mfano wake wa kifaa kinachojitegemea. Richard Turere, mvulana Mmaasai wa Kitengela aliyekuwa akichunga mifugo kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, aliunganisha paneli ya sola, betri kuukuu ya gari, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, zikawa zinamulika kwa zamu na kuwafukuza simba zizini. Mwaka 2013 alikieleza kifaa hicho jukwaani TED, Marekani. Taa zake hazikutuma data popote, lakini zilifaulu mtihani uleule: kufanya kazi usiku kucha, mwenyewe akiwa amelala.

Kwa fundi wa tangi, faida ya uangalifu huu huonekana kwenye grafu ya maji. Mstari ukishuka polepole kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wote wamelala, kuna bomba linalovuja. Lakini mteremko huo ni mdogo, sentimita moja au mbili, na bodi inayoyumba kwa sentimita 5 ingeufunika kabisa. Na pale ambapo vipimo havikupatikana kweli, fundi mzuri huacha pengo, hachori mstari wa kulijaza. Mwenye tangi akiliona pengo atampigia jirani simu alichungulie tangi kabla ya kuagiza lori. Akiona mstari wa kubuni, atalala akidhani maji yapo.