Mzigo wa Mwenzio: Uhakiki wa Masimulizi ya Safari za Kilimanjaro

Masimulizi ya safari za milima mirefu ni fani yenye umri wa kutosha kupimwa kwa mizani ya fasihi. Aghalabu hupimwa kwa vipimo vingine: kimo cha kilele, ukali wa baridi, idadi ya siku. Vipimo hivyo vyamtosha mpima ardhi, lakini msomaji wa fasihi ana haki ya kudai zaidi. Hana budi kuuliza ni nani aliyepanda, alichukua nini, kwa maana gani, na ni nani aliyembebea. Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, wafaa kuwa mfano, kwa sababu umepandwa kwa miguu, umeteremkwa kwa mbao za kutelezea theluji, na umefikishiwa baiskeli kileleni. Katika kila safari swali la mzigo lilikuwapo, ingawa si kila msimulizi aliyelijibu.

Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Jina la kitabu hicho kwa Kijerumani ni Ostafrikanische Gletscherfahrten, yaani safari za barafuni katika Afrika ya Mashariki. Jina hilo lina nchi na lina barafu, halina mtu. Meyer alipandisha bendera, akakipa kilele jina la mfalme wake, kisha akateremka na jiwe ambalo lilipata makao katika jumba la kifalme huko Potsdam. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kumpita upesi Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki na Wazungu hao wawili katika kambi ya juu, akipika na kutafuta maji na kuni. Mtu wa mji wa minazi na maji ya chumvi alikaa chini ya barafu, katika hewa nyembamba, ili wengine wafike. Kumbukumbu iliyoenea imemhifadhi kwa utumishi wake, wala haikumhifadhi kwa maneno yake. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo ni hukumu iliyotungwa kabla ya kosa kutendeka, nayo yaihusu fani hii nzima.

Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kileleni, wakateremka kwa kutumia mbao za kutelezea. Ili kuelewa tendo hilo, yafaa kujua desturi ya mchezo wenyewe. Wanaoteleza mbali na viwanja vilivyotengenezwa hupanda kwanza kwa nguvu zao. Chini ya mbao hufunga utepe wenye manyoya, zamani wa ngozi ya sili, ili zisirudi nyuma. Na saa nyingi za kupanda hununua dakika chache za kushuka. Waswahili husema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mtelezaji ameigeuza methali: kwake kupanda ni deni, na kushuka ndiko furaha. Hapa ndipo mtego wa msimulizi ulipo. Furaha ina kasi, nayo kalamu hupenda kasi. Bali ukurasa unaoanzia kwenye mteremko ni ukurasa unaolificha deni.

Wakati nao umeiongezea habari hiyo maana ambayo watelezaji hawakuikusudia. Mwaka huo huo wa 1912 ndio ambao wataalamu huanzia kuhesabu upungufu wa barafu ya Kilimanjaro, na hesabu yao yaonyesha kwamba kufikia mwaka 2011 sehemu ipatayo asilimia 85 ilikuwa imetoweka. Hivyo habari ya michezo imegeuka kuwa tanzia. Hata barafu iliyopewa jina la Furtwängler imekuwa ikipungua, na jina lakaribia kuishi zaidi ya kitu chenyewe.

Mfano wa tatu ni wa baiskeli. Mwishoni mwa mwaka 1984 binamu wawili wa Uingereza, Richard na Nicholas Crane, walizifikisha baiskeli zao kileleni, na mwaka 1985 kikatoka kitabu chao, Bicycles up Kilimanjaro. Jina la kitabu lastahili kutazamwa kwa makini. Baiskeli ndizo zinazotajwa kupanda, kana kwamba zilikwenda zenyewe. Wanadamu wamesahauliwa tena. Hata hivyo jina hilo lina ukweli wa kuchekesha ambao ndio utajiri wake. Baiskeli iliundwa ili imbebe mtu, na penye mawe na mchanga wa volkeno mtu huibeba begani. Katika vijiji vya chini ya mlima chombo hicho hicho hubeba mikungu ya ndizi na madumu ya maji. Mfanyakazi wa bondeni amekuwa mgeni wa kileleni.

Yuko atakayesema kwamba huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Hukumu hiyo ni ya haraka. Safari ya akina Crane ilikusanya fedha kwa ajili ya shirika la ufundi lililoanzishwa na E. F. Schumacher, mtetezi wa mitambo midogo inayowafaa maskini. Tena mzigo usio na kazi mlimani si lazima uwe mzigo usio na maana. Mwezi Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge katika mlima huo huo, na mwenge haukumpikia mtu chakula. Lakini taifa zima lilijiona ndani yake. Tofauti ya mwenge na baiskeli haimo katika uzito wala katika faida. Imo katika kuuliza maana ya mzigo ni ya nani, na kama aliyeubeba ana sehemu katika maana hiyo.

Kwa kipimo hicho masimulizi mengi ya mlimani yana upungufu wa sanaa pamoja na upungufu wa haki. Leo mzigo wa mpagazi wa Kilimanjaro hupimwa langoni, na kanuni zimeuwekea kikomo cha kilo 20. Mizani ya langoni imetimiza wajibu wake. Mizani ya kalamu ingali nyuma. Msimulizi anayemwacha mpagazi bila jina hupoteza mhusika aonaye mengi kuliko wote, kwa kuwa mgeni hupanda mara moja, naye hupanda mwaka hata mwaka, akiiona barafu ikirudi nyuma.

Petro Itosi Marealle alikwisha kuonyesha, katika kitabu chake Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kwamba Kiswahili chaweza kubeba elimu ya watu wa mlima huo. Lugha iliyowapa wageni neno la safari haikosi maneno ya kuisimulia. Wanafunzi wa fasihi wanaoishi karibu na Marangu na Machame wana kazi mbele yao: kuketi na wazee waliobeba mizigo hiyo, kuyaandika majina yao, na kuuliza kile ambacho Mwini Amani hakuulizwa.