Bei ya Dirisha: Tegeta na Posta

Mteja wa Dar es Salaam huanza na swali moja: dirisha moja mnaosha kwa shilingi ngapi? Kampuni nyingi changa za usafi hulijibu papo hapo, na hasara inaanzia hapo hapo. Kioo chenyewe ndicho kinachokula muda mdogo kuliko vyote.

Chukua nyumba ya Tegeta yenye madirisha 14 ya alumini ya kusukuma, yenye grili na nyavu za mbu. Kabla kitambaa hakijagusa kioo, nyavu zinatolewa, zinakung'utwa, zinaoshwa na kuanikwa. Mchanga uliojazana kwenye reli unachokolewa kwa brashi, na mkono unapenyezwa katikati ya nondo. Ndani kuna mapazia ya kushusha, kochi la kusogeza na runinga ya kufunika isirushiwe maji. Maji yenyewe nayo ni hesabu: nyumba nyingi zinategemea kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Yakikaukia kwenye kioo yanaacha madoa meupe, na kesho yake asubuhi mama mwenye nyumba anapiga simu. Mzoefu hubeba madumu yake ya maji ya bomba ya DAWASA, angalau ya kusuuzia.

Sasa tuweke tarakimu, za mfano tu. Tuseme vijana wawili wanagharimu shilingi 60,000 kwa siku ya saa nane, kwa maana ya ujira, chakula na michango. Kazi inachukua saa nne, kwenda na kurudi saa mbili. Wengi huandika saa sita na kutoza 45,000 za nguvukazi. Lakini saa mbili zilizobaki utamuuzia nani, jioni, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo? Siku nzima imeshaliwa. Kwa hiyo ni 60,000, bajaji 16,000, sabuni na maji 5,000: jumla 81,000. Ongeza robo yake kama faida, unafika kwenye laki moja na kidogo.

Hamia Posta, katikati ya jiji, kwenye duka la simu lenye vioo vya ukubwa uleule kwa mita za mraba. Hakuna grili wala nyavu. Vijana walewale wanapiga sabuni, wanavuta mpira wa kukaushia toka juu hadi chini, na kwa saa moja na nusu wamemaliza. Asubuhi hiyo wana maduka mengine matatu jirani, basi nauli inagawanywa kwa nne. Nguvukazi 11,250, usafiri 4,000, vifaa 3,000: jumla 18,250. Pamoja na robo ya faida, inakaribia 23,000.

Ukisimama hapo utasema mwenye nyumba anaonewa. Haonewi. Nyumba inaita mara mbili kwa mwaka, labda kuelekea Idi na Krismasi, na kila mara unakuta vumbi la miezi kadhaa. Duka linaoshwa kila wiki, kwa hiyo unafuta vumbi la siku saba tu. Meneja akiomba upunguze ziara ziwe moja kwa mwezi, kisha akatarajia bei ileile ya ziara, mkatalie kwa upole na upige hesabu upya, maana ni kazi nyingine hiyo.

Kuna gharama ya duka isiyoonekana kwenye ndoo. Mwenye nyumba analipa kwa simu kabla vijana hawajakunja vitambaa. Kampuni yenye duka inapokea ankara, inaiweka kwenye foleni ya siku 30 au 60, na ikilipa inakata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Kodi hiyo si hasara, itahesabiwa kwenye kodi yako mwisho wa mwaka, ila fedha haiko mfukoni siku ya kulipa vijana. Mimi ningeongeza takribani asilimia 12 kwa ajili ya kusubiri, bei ifike 26,000. Kwa wiki 52 ni shilingi 1,352,000, dhidi ya laki mbili za Tegeta. VAT, kwa aliyesajiliwa, nayo haiumi sawasawa: duka lililosajiliwa linaidai kwenye marejesho yake, mwenye nyumba anaimeza yote. Mteja akiwa benki, iko katikati, kwa sababu riba haitozwi VAT, hivyo hairudishiwi yote. Ndiyo maana meneja wa benki anabishana kuhusu bei zaidi ya ulivyotegemea.

Kwa nyumba, omba picha za madirisha kwa WhatsApp, ndani na nje, na uandike mapema kisichomo. Usipoandika, kioo cha kabati na mlango wa bafu vitaingia kwa "na hiki pia mwanangu".

Ghorofani ni biashara tofauti kabisa. Kwenye jengo refu hesabu hufuata miteremko ya kamba, si madirisha. Kila mfanyakazi ananing'inia kwa kamba mbili, ya kazi na ya usalama, kila moja na nanga yake, na lazima awepo mtu aliyefunzwa kumwokoa mwenzake. Hapo kusafisha ni sehemu ndogo ya bei. Kusi ikivuma kwa nguvu hakuna anayeshuka, vijana wanakaa juu ya paa na ujira unahesabika. Mkataba usiosema nani analipa siku hiyo umeshamchagua mlipaji: mwenye kamba.