Fundi Asiyekimbilia Bisibisi

"Mwangaluka, fundi. Lenzi haishiki. Inatafuta tu, na ikishika picha inatoka na ukungu."

Kijana huyo hupiga picha za harusi na, baada ya mavuno, za mashindano ya ngoma za Wasukuma kati ya Bagika na Bagalu. Alikileta kisa chake kwenye kibaraza kilicho karibu na stendi ya Bariadi: lenzi ya milimita 100 hadi 400, ndefu kama mchi.

Nilidhani fundi angeifungua. Aliifunga kwenye kamera, akaisogeza sikioni, akabonyeza kitufe nusu. Ikavuma, ikaenda hadi mwisho, ikarudi. "Mota nzima," akasema. Kisha akatazama swichi ndogo ubavuni. Ilikuwa imewekwa ianzie mita 3, kwa hiyo mchezaji akisogea karibu zaidi ya hapo, lenzi itahangaika mpaka ngoma iishe. Akairudisha swichi kwenye umbali wote. Akaitoa filta ya bei rahisi iliyokuwa mdomoni, akafuta kwa kitambaa kikavu vile vidoti vya dhahabu vinavyogusana na kamera. Vumbi la Bariadi huingia kila mahali, hata mimi nimelila.

Ukungu ulikuwa bado, na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Alibandika gazeti kwenye ubao, akauweka mshazari, upande mmoja mbele na mwingine nyuma, akaisimamisha kamera kwenye stendi yake hatua kumi na tano kutoka hapo. Akafokasi kwenye kichwa cha habari, mara tano, kila mara akianza upya. Mara zote tano maneno yaliyosomeka vizuri yalikuwa ya safu iliyo nyuma yake. Akarudia akitazama kwenye kioo cha nyuma badala ya kuchungulia tunduni: kichwa cha habari kikatoka safi kabisa.

Lenzi haina kosa, basi. Ukichungulia tunduni, kamera za DSLR kama hiyo hupimia fokasi kwenye kihisi kilichofichwa chini, si kwenye kile kinachopokea picha, na njia hizo mbili za mwanga zikipishana chembe, lenzi ndefu huumbua. Kwa milimita 400 na tundu la f/5.6, kutoka mita 10, sehemu inayoonekana wazi haifiki shubiri. Kwa bahati kamera ya kijana ina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu. Si zote zinayo. Fundi akajaribu -3, akapiga, akakuza picha. Akajaribu -8, ikazidi. Kwenye -6 akanyamaza, akapiga tena mara tano.

Kijana akamwonyesha pia picha za pundamilia alizopiga saa saba mchana ng'ambo ya lango la Ndabaka, Serengeti. Fundi akakuza: mistari inacheza, na nyasi za mbele yao nazo zinacheza.

"Hayo mazigazi, kijana wangu. Lango linafunguliwa saa 12 asubuhi. Uwe hapo."

Akamrudishia filta ikiwa imefungwa kwenye karatasi, akavuta redio iliyokuwa ikisubiri.