Mizani Nane, Mwendo Tofauti

Wapenzi wa ushairi, hebu tuhesabu kidogo. Nimetunga mshororo huu kwa zoezi tu:

Nimetoka Uchindile, naelekea Mlimba.

Vyote viwili ni vituo vya reli ya TAZARA, huko kwetu Kilombero. Je, mizani imetimia? Ukwapi hauna tabu: U-chi-ndi-le ni silabi nne, kwa kuwa silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu. Anayekata "U-chin-di-le" anakata Kizungu. Utao ndio huleta ubishi. Wapo watakaosema mizani ni saba, eti Mlimba ni silabi mbili. Si kweli. Ile m inasimama peke yake: M-li-mba, tatu, jumla nane. Jicho halitoshi hapa. Katika "mtu mbaya" sifa hiyo ina silabi tatu, m-ba-ya. Katika "nyumba mbaya" ni mbili tu, mba-ya. Herufi zilezile, hesabu mbili.

Kuhesabu tumefundishwa; kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 kimelea wengi. Ila mie nauliza: mkazo tumeuacha wapi? Barabara ya kupita magari ni ba-ra-BA-ra. Kazi iliyofanyika sawasawa imefanyika ba-RA-ba-ra. Mizani ni ileile nne, lakini maana zimeachana.

Sasa pima vipande hivi viwili: "wanaposubiriana" na "mtu huyu hana kitu". Kila kimoja kina mizani nane. Cha kwanza ni neno moja, na mkazo wake mkuu unakaa silabi ya saba. Sita za mwanzo zinapita tu, na msomaji anasubiri kama hao wanaosubiriana. Cha pili kina mikazo minne, kama treni inayosimama kila kituo. Umaskini wa mtu huyo unaupigia hatua.

Ndiyo maana mashairi mengi tunayosoma mtandaoni yanahesabika vizuri lakini hayatembei. Mtunzi amejaza "pia", "tena" na "kweli" ili nane itimie, wala hakusikiliza mkazo unaangukia wapi. Neno refu kwake ni mzigo, kumbe ni mwendo.

Wahariri nao, tafadhali: litamkeni shairi kwa sauti kabla ya kulirudisha. Mtu wa Mlimba asikataliwe shairi lake kwa sababu ya jina la kwao.